Sakafu Mpya ya Mama Komora

Tulimzika Komora siku ya Jumamosi, na mimi nilikuwa nimewekewa kiti cha mbele, kile cha plastiki chenye mikono, upande wa wageni wa heshima, kati ya mchungaji na chifu. Sikushangaa. Mtu akishuka basi Garsen akauliza ni nani aliyejenga maduka ya mawe pale njia panda, ataambiwa jina langu kabla hajamaliza swali. Darasa la nne ndilo nililoishia, nalisema wazi, na wenzangu walioendelea mpaka sekondari wengine ndio wanaoniandikia barua zangu leo. Basi nilikaa pale, mguu juu ya mguu, nikingoja kuitwa niseme machache juu ya marehemu. Kabla yangu alisimama Buya, mwanawe wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, akasoma maisha ya baba yake kwenye karatasi. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, kuoa. Halafu akafika mahali akaikunja karatasi. "Baba hakuwa malaika," akasema. "Mnajua nyote kwamba nyanya yetu alifia ndani ya nyumba kwa sababu baba aliuficha ufa. Aliuficha peke yake, akalia peke yake, miaka yote hii, mpaka figo zikamchukua. Sisi watoto wake tumemsamehe." Watu wakaguna lile guno la matangani, la kukubali. Nilipoitwa nilisimama, nikasema Komora alikuwa mtu mwema, nikaketi. Nikaona mchungaji ananitazama, maana mimi ni mtu wa kusema nusu saa hata kwenye harusi nisiyoalikwa.

Katika kitabu hiki nimekwisha kueleza nilivyoanza na toroli moja, nilivyowashinda watu waliozaliwa na vitu, nilivyojenga bila mkono wa mtu. Kuna mwaka mmoja niliuruka. Nilitoka moja kwa moja kwenye kupakia mbuzi nikaingia kwenye ujenzi, kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Buya ndiye aliyenirudisha, bila kujua, kwa neno moja: peke yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kurusha mbuzi kwenye malori pale soko la mifugo la Garsen. Kipokomo nilikinyonya, Kiorma nilikiokota malishoni, na Kisomali nilikipata sokoni kwa kutukanwa. Kwa hivyo watu wa shirika fulani walipokuja kutafuta mtu wa kuwatembeza vijiji vya ukingoni na kuwafasiria, wafanyabiashara watatu walininyooshea kidole bila hata kushauriana. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani, mtu wa huko juu kwenye milima ya chai. Tulimwita Madamu, na hilo likamtosha. Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba moja ya kulala wageni, feni haizunguki, harufu ya mbuzi inapanda kutoka ua wa pili, na ukutani alikuwa amebandika picha za mto zilizopigwa kutoka juu, kwa plasta ile ya vidonda. Kazi yake, alivyonieleza, ilikuwa kujua ni watu gani wataumia zaidi siku ardhi itakapoporomoka. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Tana yetu ni tambarare, ukilaza yai chini halibiringiki.

Si mimi tu. Asubuhi ya kwanza tulikunywa chai hotelini, chai ya maziwa ya ngamia na mahamri ya jana, na mezani alikuwapo Barisa, Muorma mwenye ng'ombe wengi na ulimi mrefu kuliko kundi lake. Aliposikia habari za maporomoko alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Madamu," akasema, "hapa hata mbuzi akitaka kuona mbali hupanda kichuguu. Mlima uko wapi?" Hoteli nzima ikacheka. Mimi nikacheka zaidi ya wote, nionekane ni mwenyeji. Madamu akamaliza kutafuna, akajipangusa vidole. "Mlima wenu umelala, mzee," akasema. "Uko kwenye ukingo wa mto. Simama majini utazame juu, utauona." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda posta, akasimulia kwamba kwao kilima kilishuka wakati wa kunywa uji. Majirani walikuwa wameona ufa katikati ya shamba wiki mbili kabla. Wakaujaza mchanga ili toroli ipite. Mama yake alipatikana siku ya tatu. Barisa aliacha kucheka, akavuta kikombe chake, akanung'unika kwa Kiorma neno la kumwombea. Sikulifasiri. Madamu hakuuliza.

Kituo chetu kikawa kijiji kimoja cha ukingoni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Hewani. Hakipo tena, kwa hivyo jina lake halina kazi. Tulipewa malazi kwa Mama Komora, mjane mwenye mikono mikubwa kama ya kiume, aliyekaa na mwanawe Komora na mke wa Komora, Dorika, aliyekuwa na mimba changa ya huyo huyo Buya. Nyumba ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na ukumbi mdogo, paa la makuti lililoshuka chini hata ukiingia unainama, ndani kuna baridi nzuri ya mtungini. Mlango wa nyuma ulitazama mto, hatua kumi na nane. Nasema kumi na nane kwa sababu nilizipima mimi mwenyewe siku ya kwanza kwa futi ya kamba, na siku ile nilijiona profesa. Tulikula kambare wa kukaanga kwa wali wa shamba lao, wali mwekundu wenye harufu, na Mama Komora alikuwa na tabia ya kumtilia mgeni mara ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. "Kula, Maro," aliniambia. "Wewe unasema sana, maneno yanamaliza chakula tumboni." Komora alicheka. Tulikuwa rika moja mimi na yeye, lakini yeye mpole, mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na mimi nilizoea kumjibia.

Tulipolala kwenye mikeka tulikuwa tunausikia mto. Si maji, maji ya Tana hayana kelele pale. Tulisikia udongo. Kimya, kimya, halafu chubwi, kama mtu ametupa gunia. Kimya tena. "Ni nini?" Madamu aliuliza kutoka chumba cha wanawake. "Ni ukingo unaliwa," Mama Komora akajibu kwa Kipokomo, na mimi nikafasiri. Alisema hivyo kama mtu anayesema kuku wameingia bandani. Kila mtu kijijini aliijua sauti ile tangu tumboni mwa mamake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeisikia.

Kazi ilikuwa hivi. Asubuhi tulitembea ukingoni, mimi mbele na nyundo, tukipigilia vigingi na kupima umbali kutoka kigingi hadi mwanzo wa mporomoko. Mchana tuliingia nyumba kwa nyumba. Nani anaishi hapa, nani hawezi kukimbia, nani ana mtumbwi, nani ana ndugu huko bara ndani atakayempokea na watoto wake. Jioni wazee na akina mama waliketi uwanjani, kila nyumba ikawekewa kifuu chake, na kila mtu akapewa punje za mahindi azitie kwenye kifuu cha nyumba anayoihofia zaidi. Nilikipenda kitendo kile. Palikuwa na kijana asiye na nyumba karibu na mto hata kidogo, lakini mkewe kiwete, na kifuu chake kilijaa. Palikuwa na mwingine aliyejenga mdomoni kabisa mwa mto, ana mitumbwi miwili na wana watano wakubwa, na alipata punje nne. Nilianza kuelewa kwamba Madamu hapimi mto. Anapima watu. Mwisho wa yote alichora alama ya rangi kwenye nguzo ya mlango: kijani ni kaa, manjano ni jihadhari, nyekundu ni hama kabla ya mvua kubwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo ambalo Madamu hakulijua na mimi nililijua vizuri. Mashamba yetu sisi Wapokomo hayakai kama mashamba ya watu wengine. Kila ukoo una ukanda wake unaoanza majini na kuingia ndani, mwembamba, mrefu kama kitambaa cha leso kilichotandazwa. Kinachoushikilia ukanda ni jiko la mwenyewe pale ukingoni. Ukihamisha jiko, misimu miwili tu, jirani wa kushoto anasogeza mpaka hatua mbili, wa kulia hatua tatu, na ukirudi unapewa pole. Nyekundu kwa Madamu ilimaanisha uhai. Nyekundu kwa Mama Komora ilimaanisha kwamba mwanawe atakuwa mtu asiye na mto.

Ufa niliuona mimi. Nasema hivyo kwa sababu mambo mengine mengi katika maisha yangu niliyaona kabla ya wengine, na hili pia. Tulikuwa tumeondoa mikeka tukaianike, asubuhi, Madamu amekwenda Ngao hospitalini na mtu wake mmoja aliyepatwa na homa. Sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa imepasuka kwa mstari, kutoka ukuta hadi ukuta, sambamba na mto. Niliingiza bua la mtama. Likaingia lote. Nikaingiza refu zaidi, nalo likaingia. Komora alisimama mlangoni. Kutoka jikoni nilimsikia mamake akimwambia Dorika, hajui kwamba tunasikia: "Wakitia nyekundu hapa, mjukuu wangu atalima wapi? Kwa Wasomali sokoni? Heri mto unile mimi, usimlie yeye shamba lake." Dorika akajibu polepole, "Mama, usiseme hivyo." "Nimeshasema."

Komora alinigeukia. "Tumwambie Madamu?" Lilikuwa swali la kweli. Nataka lieleweke hivyo, kwa sababu mwanawe hakulijua aliposoma karatasi yake. Komora aliuliza, na akawa anangoja jibu langu. Mimi nikamjibu kwa kicheko. Nilimwambia Madamu ni mtu wa vitabu, ardhi hii haijui, ufa huu ni ukame tu, utajifunga mvua ikinyesha. Nilimwambia aniachie mimi. Nikachukua toroli, nikaenda mwenyewe kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shule, nikachimba udongo wa mchwa, ule mwekundu unaoshika kama saruji. Barisa alikuwa akinywesha karibu, nikamwomba samadi mbichi ya ng'ombe. "Unajenga, Maro?" "Napamba," nikamwambia. Tukauchanganya, tukaushindilia ufa kwa mchi wa kinu, tukasiriba chumba kizima, mimi na Komora magotini bega kwa bega, na Mama Komora akaja na kiganja chake kikubwa akamalizia kwa mizunguko ile ya akina mama, duara juu ya duara, hadi sakafu ikang'aa kama sahani. Nimejenga nyumba nyingi tangu siku hiyo. Sijapata kuona sakafu nzuri kama ile.

Na wala haikuwa ya kutia shaka, hapo ndipo ujanja wangu ulipokuwa. Kwetu mgeni wa heshima akija husiribiwa sakafu. Madamu aliporudi, akaingia, akainama, akaigusa kwa vidole viwili. "Hii imesiribwa lini?" akauliza. Nikamfasiria Mama Komora, naye akatabasamu, akajibu, na mimi nikarudisha kwa Kiswahili safi: "Anasema ni kwa ajili yako. Anasema mgeni hakanyagi vumbi." Kila neno lilikuwa kweli. Madamu akaona haya, akavua viatu. Akauliza kama kuna ufa wowote ndani ya nyumba. Sikumfasiria Mama Komora swali hilo. Nilijibu mwenyewe, pale pale, "Hakuna." Akaandika. Jioni kifuu cha Mama Komora kilipata punje chache, maana mwana yupo na mtumbwi upo, na kesho yake nguzo yao ikapakwa rangi ya kijani. Usiku huo tulichinjiwa jogoo. Nilikula paja.

Mvua zilianza bara, siyo kwetu. Kwetu jua liliwaka na mto ukapanda, mwekundu, ukibeba magogo na mizoga. Watu wetu wanajua mto kupanda. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ndani ya siku mbili kijiji kizima kilikuwa kimehamia kwenye uwanda wa juu, watoto, kuku, vinu, kila kitu kwa mitumbwi, nyimbo zikiimbwa, na mimi nikibeba wazee wawili kwa zamu mgongoni kana kwamba ni mbuzi wa sokoni. Madamu alisifu. "Hawa wanajua kukimbia," alisema. Lakini uso wake haukuwa umekunjuka. Kila asubuhi alitazama kijiti cha vipimo alichosimika majini, na siku maji yalipoanza kushuka, yakashuka kwa kasi, kimo cha mtu kwa siku mbili, yeye peke yake ndiye aliyeogopa.

Alikusanya watu. Akasema wasirudi. Akaeleza kwamba maji yakiwa juu huushikilia ukingo kama mkono unaomshikilia mgonjwa kifuani. Ukingo umekunywa, umelewa, umekuwa mzito, sasa mkono unaondolewa ghafla. Akaomba wiki tatu. Mimi nikafasiri. Sikuongopa, ila nilifasiri kama mtu anayepitisha barua asiyoijali, nikiangalia pembeni, na nilipomaliza nikatikisa mabega kidogo. Watu wakasoma mabega. Hao ni watu ambao mamia ya miaka wamekimbia maji yakipanda na kurudi yakishuka, kwa sababu yakishuka huacha tope jeusi, laini, na mwenye kupanda siku ya kwanza hupata mpunga ambao mwenye kupanda siku ya kumi hataupata. Kuwaambia hatari inakuja maji yakiondoka ilikuwa kama kuwaambia njaa inakuja baada ya kula. "Huyu mama analeta mambo ya milimani kwao," mmoja akasema. "Mwambie hapa ni Tana." Wakacheka. Kesho yake alfajiri walikuwa ukingoni na mbegu.

Nilipofika nao nilimkuta Barisa amesimama juu ya malka, ile njia ya ng'ombe ya kushukia majini, jirani kabisa na nyumba ya Mama Komora, fimbo begani. Ng'ombe wake wamesimama nyuma yake, kiu imewatoa ndimi, na hawashuki. Alimpiga yule dume wa mbele. Dume akapanua miguu, akakoroma, akarudi nyuma. "Tangu nizaliwe," Barisa akaniambia kwa Kiorma, "sijaona ng'ombe mwenye kiu akakataa malka. Waambie watu wako watoke hapa." Nikamwambia wanyama wananusa mizoga. Akatema mate, akaligeuza kundi lote, akaondoka nalo na kiu yake.

Ilikuwa saa nne za asubuhi, jua kali, watu wanaimba. Sisi wanaume tulikuwa chini topeni, mbali kidogo upande wa juu wa mto, tunachoma mashimo kwa vijiti na akina mama wanatia mbegu. Mama Komora alikuwa ameingia nyumbani kupika, kwa sababu waliopanda ukanda wake lazima wale kwake, ndiyo desturi, na moshi wake ulikuwa umeshatokeza kwenye makuti. Dorika alikuwa anatoka nyumbani na ndoo kichwani. Sikusikia mlio. Watu hudhani kuna mlio. Nyimbo zilikatika tu, kama mtu amefunga mlango, na nilipogeuka nikaona nyumba imekaa vibaya. Ilikuwa bado nzima, paa, kuta, moshi, ila imeinamia mto kama mtu anayechungulia kisima. Dorika alisimama hatua tatu kutoka mpasuko mpya, ndoo bado kichwani. Tulimwona Mama Komora mlangoni. Alikuwa na mwiko mkononi. Komora alimwita mamake mara moja, "Mayo!" Halafu kipande kizima, nyumba, jiko, njia ya malka na hatua zote kumi na nane, kikateremka pamoja, taratibu, wima, mpaka maji yakakifunika, na wimbi likaja likatupiga magotini pale tuliposimama na vijiti vyetu.

Tulimpata siku ya pili, chini sana, kwenye mizizi. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Madamu alishuka kutoka uwanda wa juu na karatasi zake zimelowa jasho. Alisimama kwenye ukingo mpya, Komora mbele yake amejifunga shuka la mtu, macho mekundu. Maji yalikuwa yameshuka zaidi na kuacha kipande cha sakafu kimenasa topeni, na mahali kilipokatika ungeweza kuona kila kitu, tabaka la chini la zamani, kijivu, na juu yake unene wa kiganja wa udongo mwekundu wa mchwa, na katikati ule mstari ulioshuka chini, mpana, umejazwa hadi pale mchi ulipofika. Madamu aliona. Alifungua karatasi yake, akaitazama, akanitazama mimi. "Niliuliza," akasema. "Niliuliza kama kuna ufa." Komora hakuwa amekuwapo nilipojibu lile neno. Alidhani mamake ndiye aliyejibu. Akasogea mbele, akasimama kati yangu na Madamu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchomeka: "Ni mimi. Mimi nilisiriba. Mama hakujua, huyu hakujua. Mimi peke yangu." Nadhani alitaka kumlinda mamake aliyekufa asionekane mwongo, na mimi nikalindwa humo humo kama kupe mkiani mwa ng'ombe. Alinitazama akinipa nafasi. Niliiona nafasi hiyo. Ilikaa wazi muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi tatu. Nikamwambia Madamu, "Twende tupime nyumba zinazobaki, kabla nyingine haijakwenda."

Na tulipima, na hili nalisema kwa kujisifu kwa sababu ni haki yangu. Sikubisha hodi. Niliingia kila nyumba nikaitupa mikeka nje kwa mguu. Tulikuta nyufa katika nyumba tisa, tano kati yake zimesiribwa upya, maana sikuwa mwerevu peke yangu. Niliwahamisha watu wale kwa maneno, kwa matusi na wawili kwa mabavu, na katika wiki tatu zile ardhi ilichukua nyumba nne tupu. Madamu aliandika barua nzuri juu yangu. Kwa barua ile nikapata kazi ya kusimamia ujenzi wa kijiji kipya kule juu, na kwa kazi ile nikajifunza mawe, na kwa mawe nikawa huyu niliye. Komora alijengewa nyumba mlango wa tatu kutoka barabarani. Ukanda wake mto uliula wote. Alilima mashamba ya watu kwa kibarua maisha yake yote, na kila tulipokutana alinisalimu kwanza, "Maro, ndugu yangu," na sikuweza kukaa naye dakika tano. Nilipeleka saruji. Nilipeleka mabati. Vyote alipokea, akashukuru.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wakila pilau, nilimvuta Buya pembeni ya tangi la maji. Nikamwambia. Nilisema yote, ufa, kichuguu, neno "hakuna," pumzi zile tatu. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyechelewa, mikono nyuma. Nilipomaliza sikujua nangoja nini. Pengine nilidhani atalia, au atanipiga, nami ningekubali. Akasema, "Mzee Maro, mimi nimesoma karatasi yangu mbele ya watu. Siwezi kukusomea yako." Akanielekeza kwa kidevu nyuma ya nyumba. "Mama yuko kule."

Dorika alikuwa ameketi kwenye kigoda na wanawake saba au wanane, miguu imenyooshwa, leso ya msiba kichwani, macho yamekauka. Wanawake waliponiona wakaanza kuinuka wanipishe kiti, mheshimiwa amekuja kutoa pole. Nilichuchumaa chini, suruali nzuri ikaingia majivuni, nikamkaribia sikioni nikamwambia kwa Kipokomo, kwa sauti ya chini, kwamba sakafu ile niliisiriba mimi pamoja na mumewe, na wazo lilikuwa langu, na Madamu alipouliza ni mimi niliyejibu. Hakunigeukia. Nikasikia masufuria yanagongana upande wa pili. Kisha akanyanyua mkono, wanawake wakaacha kuongea.

"Sema tena," Dorika akasema. "Sema kwa sauti. Hawa hawakusikia."

Nikasimama, nikasema tena.